Injinia wa Jumanne na Alhamisi

Mama Saluni alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa bango la biashara yake. Saluni nyingine za mtaa ule zilijaza kuta zao picha za wanawake wa magazetini. Yeye hakubandika hata moja. Mteja akiuliza, "Unajua kusuka mtindo gani?" yeye aliita tu, "Kipusa, njoo hapa," na binti akatokea chumba cha nyuma, akageuka kulia, akageuka kushoto, na mteja akakaa kitini bila neno la pili.

Kila Jumapili alasiri Kipusa aliketi kati ya magoti ya mama yake akasukwa upya, na hapo ndipo mambo yote ya wiki yaliposemwa: nani kagombana na nani darasani, mwalimu gani kaingia na viatu vya jozi mbili tofauti, mvulana gani wa jirani anajikohoza akimwona anapita. Hapakuwa na jambo la Kipusa ambalo mama hakulijua, na alijivunia hilo kuliko saluni yenyewe.

"Mimi na mwanangu ni chanda na pete," alipenda kuwaambia wateja.

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kazi yake pale ilikuwa kuosha vichwa, alijibu bila kuinua macho kwenye povu, "Pete nayo huvuliwa, wifi."

Kwa hiyo Kipusa aliposema kwamba shuleni kumeanzishwa klabu ya sayansi ya wasichana, Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, mama hakuona neno. Alifurahi hata. Msichana wa kidato cha tatu kubaki shuleni mpaka jioni si bora kuliko kuzurura? "Nenda, mwanangu," alisema. "Ila usinichafulie sare."

Mfundishaji wa klabu alikuwa mhandisi wa idara ya maji, mwanamke, aliyejitolea kuja siku hizo mbili akitoka kazini. Wasichana walimwita Injinia, basi. Mwanzoni jina hilo liliingia nyumbani kwa Mama Saluni kama mgeni mstaarabu: linabisha hodi, linakaa kidogo, linaaga. Injinia katuletea betri. Injinia katupeleka kuona pampu. Mwezi haukuisha, mgeni akawa mwenye nyumba.

Kipusa aliacha sukari kwenye chai kwa sababu Injinia hatumii. Akaanza kuchomeka kalamu nyuma ya sikio. Siku moja pasi ilikataa kuwaka, mama akasema, "Basi, imeharibika," na Kipusa akaikamata, akaigeuza chini juu. "Haijaharibika, mama. Hatujajua tu ilipokatika. Injinia kasema tusiseme kitu kimeharibika."

"Sawa," mama akasema. "Na shati la baba yako halijakunjamana. Hatujajua tu lilipokunjika."

Wifi alicheka. Kipusa pia alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwingia mama kama mwiba. Maana mtoto yule tangu utotoni alicheka kama mama yake, kiganja mdomoni. Sasa alicheka kichwa kikiwa nyuma, meno yote nje, kama mtu anayemeza mvua. Kicheko kile hakikutoka kwenye ukoo wa mama, wala kwenye ukoo wa baba. Wifi alikuwepo hapo, na angeweza kutoa ushahidi.

Alhamisi moja Mama Saluni alijikuta akipita karibu na shule. Hakuwa na shughuli huko. Alikuwa na mwavuli mkononi, na hapakuwa na wingu hata la dawa. Alisimama ng'ambo ya uzio akawaona wasichana wa klabu wakitoka. Siku zote hizo alikuwa amejichorea kichwani mwanamke mrefu, mrembo, wa manukato na viatu vya visigino, mtu ambaye msichana akimwona lazima ababaike. Aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi, suruali yenye mifuko kila mahali, viatu vya kazi, na kichwa kilichonyolewa kikabaki na nywele za kushikika kwa shida.

"Ndiye huyu?" mama alijisemea.

Angekuwa mrembo, angeelewa. Urembo ni kitu anachokijua, angeshindana nao. Lakini huyu alikuwa na nini? Wasichana walimzunguka kama vifaranga, wote wanasema kwa pamoja, na Kipusa ndiye aliyekuwa amebeba mkoba wake. Mkoba wa mama yake hakuwahi kuubeba bila kuombwa, na akiombwa alisema mzito. Mama Saluni aligeuka akarudi na mwavuli wake, roho inamuuma kama jino.

*

Pigo lenyewe lilimkuta kazini, mbele za watu.

Alikuwa akimsuka mama mmoja ambaye binti yake, msichana mrefu mwembamba anayeitwa Mlingoti, alikuwa darasa moja na Kipusa. Benchi limejaa, draya inavuma, hadithi zinakwenda. Mama Mlingoti akasema kwa furaha ya mtu asiyejua anakanyaga wapi, "Hongera sana, shoga. Nasikia mwanao anataka kwenda ile shule ya ufundi ya bweni. Wangu anasema Injinia mwenyewe atamwombea nafasi. Utaweza kweli kukaa bila Kipusa?"

Ilikuwa shule ya mbali, mwendo wa basi wa kutwa nzima. Mama Saluni hakuwa amesikia neno hilo, si kwa Kipusa, si kwa mtu yeyote. Jumapili zote hizo mtoto alikaa kati ya magoti yake akasimulia habari za viatu vya walimu, na jambo kubwa kama nyumba amelipeleka kwingine.

"Ah, hilo tumeshaliongea," alisema, akacheka kidogo. "Tunaangalia tu."

"Aii! Shoga, kichwa changu!"

Alitazama mikono yake. Alikuwa amezivuta nywele zile kana kwamba anang'oa mhogo. Aliomba radhi, akalegeza, akaendelea. Wifi aliinua macho kutoka kwenye beseni, akamwangalia, akarudi kwenye povu lake bila mzaha. Wifi yake akikosa mzaha, mambo yameharibika.

Jioni hiyo hakumuuliza Kipusa kitu. Alitaka aambiwe. Alimpakulia, akakaa mbele yake, akasubiri. "Habari za shule?" "Nzuri." "Hakuna jipya?" Kipusa alitafuna, akafikiri. "Tunatengeneza kengele ya tangi. Unajua lile tangi la shule linavyofurika kila siku, maji yanamwagika tu? Likijaa, kengele italia." Alieleza kengele hiyo mpaka chakula kikapoa. Neno la bweni halikutoka. Mama alitazama mdomo ule unavyokwenda, akafikiri: kuna mtu anajua kilichobaki humo ndani, na si mimi.

Na Jumamosi iliyofuata Kipusa alirudi amenyoa.

Alikuwa amesema mara mbili tatu kwamba nywele zinamsumbua akiinama mezani kuchomea waya, kwamba msichana mmoja aliunguza ncha za rasta zake, kwamba angependa kuzipunguza. Mama alijibu kama anavyojibiwa mtu anayesema angependa kupunguza pua. Sasa binti alisimama mlangoni mwa saluni, kichwa chepesi, shingo imeonekana ndefu ghafla, na wateja wote wakageuka.

"Nani kakunyoa?" mama aliuliza.

"Kinyozi wa ng'ambo."

Kinyozi wa ng'ambo! Mwanamume anayenyoa ndevu! Mama Saluni alikuwa na mikasi mitano, alikuwa na mikono iliyowapendezesha maharusi wa mtaa mzima, na mwanawe amevuka barabara kwenda kukaa kwenye kiti cha watu kwa sababu alijua mikono ya mama yake ingekataa. Alimwangalia kutoka utosini hadi kidevuni. Hakuwa amechukiza. Hilo ndilo lililouma: alikuwa amependeza, na alikuwa amefanana na mtu.

"Umekuwa Injinia mdogo," alisema.

Kipusa alidhani anasifiwa. Akacheka, kichwa nyuma.

*

Kuanzia wiki hiyo, Jumanne na Alhamisi zikawa siku za kazi nyingi saluni. Mama alisema mgongo unamuuma. Akasema wifi peke yake haviwezi vichwa vyote. Akasema taulo haziwezi kujifua. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, kama ilivyo kawaida ya sababu mbaya. Kipusa alirudi moja kwa moja kutoka darasani, akavaa aproni, akaosha vichwa.

Hakununa, na heri angenuna. Mama alikuwa amejiandaa kwa milango kubamizwa na machozi. Alijua la kufanya na machozi. Kipusa alifanya kazi zote vizuri, akajibu "ndiyo, mama" na "tayari, mama", na Jumapili alipoketi kati ya magoti ya mama yake, palikuwa hapana nywele za kusuka, na pakawa hapana habari za kusema. Mama alimpaka mafuta kichwani, akamaliza upesi, wakabaki wamekaa vile vile, kila mmoja anatazama ukuta wake.

Mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alipiga simu kutoka njiani. "Nasikia umemtoa mtoto klabu."

"Nani kakwambia?" Wifi aligeukia dirisha haraka.

"Muache mtoto asome."

"Nani kasema asisome? Anasoma shule. Huko kwingine ni kuchezea waya."

"Mke wangu, mimi nakujua. Una nini?"

"Mtandao wako mbaya," alisema, akakata.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa ya wateja wengi, Injinia akaja mwenyewe.

Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kazi vyenye tope, akabisha hodi. Mama Saluni alimtambua kabla hajainua macho sawasawa. Kipusa alikuwa karibu na beseni, taulo mkononi.

"Karibu," mama alisema. "Kaa kitini nikushughulikie."

Injinia alipitisha kiganja kichwani. "Mimi sina cha kusukwa, dada yangu. Nimekuja kuuliza habari za Kipusa. Simuoni klabu."

"Habari zake nzuri. Yuko kwao."

Mtu mmoja kwenye benchi aliguna. Injinia alielewa, lakini hakuondoka. "Nafurahi kusikia hivyo. Niliogopa anaumwa. Ana kazi yake ameiacha katikati, na wenzake wanamsubiri."

"Ndugu yangu," mama alisema, akaweka chanuo chini taratibu. Maneno aliyokuwa ameyapika muda wote huo sasa yalichemka na kufurika yenyewe. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Nilijua. Ndiyo maana unaazima wa wenzako."

Draya peke yake iliendelea kuvuma juu ya kichwa cha mteja ambaye, maskini, hakuweza kusikia na alikuwa akimwangalia kila mmoja kwa zamu ili aambiwe kuna nini. Wifi alifunga bomba. Kipusa aliweka taulo juu ya beseni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaenda chumba cha nyuma na kuufunga mlango bila sauti.

Injinia alijisogeza mpaka mwisho wa benchi, akakaa kati ya wateja. Alionekana mchovu kuliko alivyoonekana ng'ambo ya uzio.

"Labda ni kweli," alisema. "Aliponiambia habari za shule ya bweni, nilipaswa kumuuliza swali moja tu: mama anajua? Sikumuuliza. Nilifurahi kwamba ni mimi niliyeambiwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo najisikia mtu. Baadaye niliona nimekosa, na nimekuja hapa nikijua nitalisema. Basi nimelisema."

Mtu aliyejiandaa kuvunja mlango kwa bega, kisha akaukuta uko wazi, huanguka ndani. Mama Saluni alianguka hivyo. Alikuwa amengoja majivuno. Alikuwa na majibu ya majivuno, na mengine ya ziada. Kumbe yeye mwenyewe hakuwa mwehu. Kumbe mkono alioudhani umeingia kwenye hazina yake ulikuwa umeingia kweli. Alipaswa kufurahi kwa kushinda, na hakufurahi.

"Sikuja kumchukua," Injinia aliendelea. "Nakuomba uje uone. Alhamisi ijayo. Ukiona hapamfai, mimi sitatia mguu hapa tena."

"Nina wateja."

"Wateja nitawashika mimi," wifi alisema.

Mama alimtupia jicho ambalo lingekausha nywele bila draya. Wifi alifungua bomba lake tena, akaanza kuimba puani.

Injinia alipoondoka, Kipusa alitoka chumba cha nyuma, akamaliza vichwa vilivyobaki. Walipokuwa wanafunga saluni tu ndipo alipouliza, mgongo ukiwa umegeukia kufuli, "Mama, kwa nini ulimwambia vile?"

"Nilimwambia kweli."

"Haikuwa kweli. Ilikuwa inauma tu."

Mama alitaka kusema kwamba mara nyingi ni kitu kimoja. Lakini mtoto alikuwa ameshatangulia.

*

Alhamisi ile alivaa gauni analovalia harusi za watu. Wifi alimwambia anakwenda klabu ya sayansi, haendi kumkabidhi mtu bibi harusi, hakusikia. Alitaka aonekane.

Klabu ilikuwa kwenye ghala la zamani la shule, bado linanuka rangi. Meza nne ndefu, dirisha moja, kompyuta mbili zilizokwishachoka, na wasichana wanaopiga kelele kama soko. Walipomwona walinyamaza, wakaamkia mmoja mmoja, "Shikamoo, mama," na akamsikia mmoja akinong'ona, "Ndiye mama yake Kipusa." Hilo lilimpendeza. Injinia alimpa kiti cha nyuma, kifupi, magoti yakamfika kifuani, na gauni la harusi likafagia sakafu.

Kipusa alikuwa mbele, karibu na pipa kubwa la plastiki, pamoja na Mlingoti. Alimwona mama yake akiingia, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayemsalimu mpita njia, akarudi kwenye waya zake. Baada ya hapo hakugeuka tena. Mama alisubiri. Mtoto huyu alipoigiza shuleni akiwa mdogo, alimtafuta mama yake kati ya watu kabla hajasema neno la kwanza. Sasa shingo yake tupu ilikuwa imeinama, nayo haikuhitaji kutafuta kitu. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo haikuwa na mlango wa upande wa mama yake.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleweka. Chupa tupu inaelea ndani ya pipa. Maji yakipanda, chupa inapanda, ikifika juu inasukuma swichi, na kengele inalia. Mlingoti alimimina maji ndoo baada ya ndoo. Chupa ikapanda. Wasichana wakashika masikio, tayari. Chupa ikagusa swichi.

Kimya.

Wakapunguza maji, wakajaribu tena. Kimya. Kipusa aliinama, akabonyeza swichi kwa kidole. Kimya. Mama aliona masikio yake yakibadilika. Akikaribia kulia, masikio yake ndiyo hutangulia. Akamwangalia Injinia. Injinia alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anatazama kama mtu anayesubiri basi.

"Si umsaidie!" mama alipaza sauti.

Wasichana waliangua kicheko. Kipusa hakugeuka, lakini shingo ilisimama.

"Nikimsaidia itakuwa kengele yangu," Injinia alisema kwa upole.

Mama alikaa kwenye ncha ya kiti chake kifupi, na akiwa hapo, kwa upande, aliona kile ambacho wasichana hawakukiona. Mikono ile ya Injinia nyuma ya mgongo haikuwa imetulia. Mkono mmoja ulikuwa umeubana mwingine mpaka vidole vimepauka. Mwanamke yule alikuwa akijizuia kwa nguvu zote. Alijua, au alidhani anajua, ilipokatika, na alikuwa anaumeza ujuzi wake kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Mama Saluni aliijua sura hiyo. Ndiyo aliyokuwa nayo yeye mwenyewe pale kitini.

Kipusa na Mlingoti walichuchumaa. Walianza kwenye betri wakaufuata waya kwa kidole, polepole, wananong'onezana, wanaminya kila sehemu. Karibu na kengele, kidole cha Kipusa kilisimama. Waya ulikuwa mzima kwa nje. Ndani ya plastiki yake ulikuwa umekatika. Aliumenya kwa meno. "Meno!" mama alisema, lakini kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu. Kipusa alizungusha ncha mbili za waya pamoja, akasimama, akamwashiria Mlingoti. Maji. Chupa ikapanda.

Kengele ililia kwa sauti mbaya, kali, kama paka aliyekanyagwa, na ghala lote lililipuka.

Mama Saluni alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa tayari, mikono yake imeshafunguka nusu. Upande wa pili, Injinia naye alikuwa amepiga hatua moja mbele, mikono imetoka nyuma, tabasamu limeshafika.

Kipusa alimrukia Mlingoti. Walikumbatiana, wakazunguka, wakakanyaga maji, wakapigiana kelele za masikioni, kisha wasichana wengine wakawamiminikia, na katika lundo lile hakuonekana tena mwenye kichwa kilichonyolewa ni yupi.

Wanawake wawili walibaki wamesimama na nyuso zao, kila mmoja na tabasamu lake ambalo halikuchukuliwa. Wakatazamana. Injinia ndiye aliyeshusha mikono kwanza.

"Hata mimi hakuniona," alisema.

"Zoea," mama alimjibu. "Huko ndiko kulea, ndugu yangu. Zoea." Kisha akajikuta anacheka, kiganja mdomoni, na alipomaliza akaongeza, kwa shida, kama mtu anayetoa mfupa wa samaki kooni, "Yale maneno ya saluni. Niliyasema vibaya."

"Uliyasema vizuri sana," Injinia alisema. "Ndiyo maana yaliuma."

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama na binti, upindo wa gauni la harusi umelowa. Kipusa aliongea bila kupumua mpaka kona ya barabara, kengele hivi, waya vile, Mlingoti vile. Mama alimwacha amalize.

"Hiyo shule ya bweni," alisema. "Niambie. Tangu mwanzo, kama hujamwambia mtu mwingine."

Kipusa alipunguza mwendo. Kisha akamwambia. Ilikuwa habari ndefu kuliko mama alivyodhani, na ilianza zamani kuliko alivyodhani, kabla ya klabu, kabla ya Injinia mwenyewe. Kuna karakana. Kuna wasichana wachache mno, na hilo lilimtisha. Kuna mtihani wa kuingia. Mama aliuliza yaliyomjia: ukiumwa usiku nani atajua, wanalala wangapi chumbani, chakula kikoje. Mengine Kipusa hakuyajua, akasema hajui.

"Na kwa nini alijua yeye kwanza?"

"Yeye nilikuwa siogopi kumwambia."

"Mimi ulikuwa unaniogopa? Nimekupiga lini?"

"Si kupigwa." Kipusa alitazama viatu vyake vilivyolowa. "Niliogopa ungelia. Wewe ukilia, mimi ningebaki. Yeye akilia, ni shauri yake."

Mama Saluni alitembea hatua kadhaa na maneno hayo. Yalimchoma, halafu yakamgeukia, yakaonyesha upande wao mwingine. Siku zote hizo alikuwa akihesabu kwamba mwenye kuambiwa siri ndiye mwenye kupendwa zaidi. Kumbe ni yule ambaye machozi yake yanaogopwa. Machozi yalikuwa karibu sana, na alikuwa anajua kabisa sasa yana kazi gani, yangefanya nini yakitoka. Akayazuia kwa nguvu, macho mbele, mpaka wakafika mlangoni.

"Jumanne urudi klabu," alisema. "Taulo tutafua wenyewe."

Kipusa alifanya mtihani ule, akapasi. Injinia na Mama Saluni hawakuwa marafiki, mtu asidanganywe. Walisalimiana vizuri wakikutana, Injinia akawa anakuja saluni kupunguza nywele badala ya kwenda kwa kinyozi wa ng'ambo, na mama alimpunguza vizuri, ingawa alimkalisha kwenye foleni kama kila mtu, na siku nyingine zaidi ya kila mtu. Kipusa akitaja jina lake mezani, bado kawivu kalimchoma mama. Lakini sasa aliuliza, "Akasemaje?" na mara nyingine alisikiliza hata jibu.

Asubuhi ya kuondoka, mama na wifi walimsindikiza kituo cha mabasi. Mama alikuwa amejipanga tangu alfajiri kwa ajili ya kumkuta mwanamke yule pale. Alikuwa na uso wa kumpokelea, alikuwa amepanga nani atasimama wapi na nani atakumbatiwa wa mwisho. Sanduku likapakiwa, watu wakapanda, na yeye bado anachungulia juu ya vichwa vya watu.

"Unamtafuta nani?" Kipusa aliuliza.

"Injinia wako. Anachelewa."

"Haji. Tuliagana juzi. Alisema leo ni siku yako."

Mama alitafakari hilo. "Angekuja tu," alisema.

"Kweli, mama?"

"Hapana."

Walicheka wote watatu, wifi kuliko wengine. Mama akamkumbatia binti yake, akapapasa kichwa kile ambacho nywele zilikuwa zimeanza kuota, akamwachia kabla hajaambiwa muda umefika. Machozi hayakutoka, yalisubiri kwa adabu mpaka mlango wa basi ukafungwa.

Basi liliposogea, Kipusa alipunga mkono dirishani, akapunga tena, kisha akageuka, maana msichana wa kiti cha jirani alikuwa amemuuliza kitu. Mama aliwaona wakianza kuongea. Akamtazama msichana yule, mgeni kabisa, mwenye mistari iliyosukwa ovyo ovyo, ambaye atakaa ubavuni mwa mwanawe kutwa nzima, na akahisi kale kawivu kanampanda tena kifuani.

Akakaacha kapande. Alimshika wifi yake mkono, wakaenda kufungua saluni.